Doa Chini ya Kisigino cha Mwamvua

Ukienda kwa Yusta Timotheo na kikohozi, utapimwa kifua, utaandikiwa dawa, na kabla hujainuka kwenye kiti atakwambia, "Hebu vua na viatu nione nyayo." Wengine hucheka. Wengine huona aibu, maana wametoka shambani moja kwa moja na miguu ina tope mpaka kwenye vifundo. Yusta ana beseni la maji pembeni ya meza na kitambaa kikuukuu, wala hamsemi mtu kwa tope. Ataosha, atafuta, atainua mguu kuelekea dirishani, atatenganisha kidole na kidole. Kwa wengi inaishia hapo. Wanavaa kandambili zao na kwenda dirisha la dawa wakinong'ona kwamba dokta wa hapa ana mambo.

Hakuanza kazi akiwa hivyo.

Alizaliwa milimani juu ya Kilosa, mtoto wa nne wa mwalimu Timotheo, aliyefundisha shule ya msingi siku tano na Jumapili akasoma masomo kanisani. Nyumbani walizungumza Kikaguru, shuleni Kiswahili, na baba yao hakupenda uvichanganye katika sentensi moja. Yusta akakua mtu wa kusema jambo mara moja, kwa ufupi, akiwa na hakika. Alisomea uafisa tabibu, akaolewa na Amon, fundi pikipiki wa Mikumi, akapangiwa kituo cha afya kimoja kando ya barabara ya kutoka Mikumi kwenda Kilosa. Wagonjwa sitini, siku nyingine themanini, na matabibu wawili. Ile hakika yake ilimfaa sana. Foleni ilisogea. Wakuu walimsifu, na wagonjwa nao walimpenda, maana hakuna aliyependa kulala kwenye benchi.

Magonjwa ya ngozi aliyatibu kwa jicho tu. Upele, fangasi, ukurutu, majipu. Kitu cheusi kwenye ngozi nyeusi hakikumshughulisha. Kama hakivimbi, hakitoi usaha na hakiwashi, ni alama tu, na kila mtu ana alama zake.

Mwaka mmoja, masika yakiwa yamekolea, aliingia mama wa Zombo aliyekuwa na kikohozi cha wiki tatu. Yusta alimpima, akaagiza makohozi yapelekwe maabara, majibu yakarudi kwamba hakuna kifua kikuu, akamwandikia dawa. Mama akasimama, akafika mlangoni, akageuka.

"Daktari, na hiki nacho."

Akaegemea ukuta, akavua kandambili ya kushoto, akapindua mguu. Chini ya kisigino palikuwa na doa jeusi, kubwa kama punje ya mahindi, na kingo zake hazikuwa sawa.

"Linauma?"

"Haliumi. Ndiyo maana naliogopa. Kinachouma nakijua."

Yusta aliinama kidogo, kalamu ikiwa bado mkononi. "Umekanyaga kitu, mama. Ni damu imevilia. Litaondoka lenyewe."

"Lina miezi mingi sasa."

"Ngozi ya kisigino ni nene, inachelewa."

Mama akashukuru, akavaa, akatoka. Yusta akaita mwingine.

Miezi kumi na minne baadaye Yusta alichaguliwa kwenda Moshi kwa mafunzo ya wiki sita ya magonjwa ya ngozi. Alifurahi kama mtu anayekwenda kupumzika. Wiki ya tatu mwalimu wao, Dokta Scholastica, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, aliingia darasani na kiboksi akamgawia kila mmoja lenzi ya duara, kubwa kama mfuniko wa chupa, iliyozungukwa na vitaa vidogo na yenye kibanio cha kuishikiza kwenye kamera ya simu. Jina lake dematoskopu. Unapaka ngozi jeli kidogo, ile wanayopakwa wajawazito wakipigwa ultrasaundi, unaweka lenzi juu yake. Mng'ao wa juu wa ngozi unapotea na unaanza kuona chini yake: rangi imekaa wapi, imetapakaa vipi, imekatikia wapi. Hakuna sindano wala wembe. Ukimaliza unafuta jeli, na picha inabaki kwenye simu.

"Watu wengi mtakaowaangalia wana vidoa vya kawaida," Dokta Scholastica aliwaambia. "Hao lenzi itawaokoa wasikatwe bure. Wachache watakuwa na melanoma, na hiyo ni saratani isiyo na subira. Lenzi haiwezi kukuhakikishia kwamba ni yenyewe. Mwenye neno la mwisho ni maabara, baada ya kupima kinyama. Itakwambia nani wa kumkimbiza na nani wa kumwacha aende nyumbani."

Akawaonyesha picha ukutani. Alisema kwamba kwa watu weusi melanoma haina habari sana na mgongo wala uso. Inapenda pasipofika jua: unyayo, kiganja, chini ya kucha. "Sasa tazameni unyayo. Ngozi yake ina matuta na mitaro, kama shamba la viazi. Picha ya kwanza, rangi imelala mitaroni. Hilo ni doa la kawaida. Picha ya pili, rangi imepanda juu ya matuta. Hapo usikae."

Picha ya pili ilikuwa ya kisigino. Doa halikuwa kubwa. Kingo zake hazikuwa sawa.

Yusta aliacha kuandika. Aliona kandambili, ukuta wa chumba chake pale ambapo rangi imebanduka, mkono wa mama umeshika fremu ya mlango. Akanyoosha kidole. "Dokta, mtu akikaa nalo mwaka mzima?"

"Inategemea limezama kiasi gani. Lina mgonjwa hilo?"

"Nauliza tu," Yusta akasema. Alijisikia vibaya kwa kusema hivyo.

Jioni alimpigia mume wake. "Amon, nimemfukuza mtu."

"Umemfukuza nani? Si uko Moshi?"

"Mwaka jana. Simkumbuki jina."

Aliporudi kazini, jambo la kwanza aliloomba ni madaftari ya wagonjwa wa nje ya masika yale. Nesi Lightness, aliyekaa mapokezi, alimsaidia kuyashusha kutoka juu ya kabati. Wakaketi wawili wakafuatisha mistari kwa kidole. Habari ya doa haikuandikwa popote. Yusta hakuliandika, maana kwake halikuwa ugonjwa. Wakatafuta kikohozi na Zombo. Wanawake wanne. Wawili walikuwa mabinti. Waliobaki wote wawili waliitwa Mwamvua, mmoja wa miaka hamsini na tisa, mwingine sitini na mbili, na hakuna aliyekuwa na namba ya simu.

Mganga mfawidhi, Dokta Lupakisyo, mtu mpole aliyebakiza miaka miwili astaafu, alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Yusta, hakuna karatasi inayosema ulimwona na doa. Hakuna anayekulaumu. Akizidiwa si atakuja mwenyewe?"

"Akizidiwa atakuwa amechelewa, dokta."

"Na kama ilikuwa damu kweli?"

"Nitafurahi."

Lupakisyo akamtazama, akavuta karatasi akamwandikia ruhusa. Siku ilikuwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi Amon akafunga karakana yake, akampakia mkewe kwenye pikipiki, lenzi ikiwa kwenye mkoba pamoja na jeli na pamba.

Zombo walimtafuta Emanueli, mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye hujua kila nyumba kwa watoto wake. "Mwamvua wapo wawili," akasema, "tuanze na wa karibu." Mwamvua wa karibu alikuwa uani akimenya karanga. Shikamoo zikapita, marahaba zikaitikiwa, viti vikatolewa. Yusta alipoeleza kilichowaleta, mama yule aliangua kicheko.

"Mmetoka Mikumi yote hiyo kuja kuona miguu yangu?"

Lakini aliinyoosha yote miwili, na Yusta akaiangalia kwa makini. Ilikuwa imepasuka visigino kwa ukavu, basi.

"Mnayemtaka ni Mwamvua wa bondeni," mama akasema akiendelea na karanga zake. "Yule anayechechemea."

"Anachechemea?"

"Tangu mwezi wa Ramadhani."

Walimkuta bondeni kwenye mpunga. Ilikuwa mavuno, na Mwamvua alikuwa ameketi juu ya gunia pembezoni mwa shamba akifunga miganda anayoletewa na binti yake, Siwema. Yusta alimtambua kabla hajageuka. Alikuwa amepungua kidogo usoni. Mguu wa kushoto aliuweka kwa upande, kisigino kisiguse chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamtazama kwa muda. "Wewe ni daktari wa kituoni."

"Ndiye mimi. Mama, nimekuja kuangalia lile doa la kisigino."

Mwamvua hakuuliza amejuaje. Aliinua mguu, akauweka juu ya gunia. Siwema akaleta maji ya mfereji kwa sufuria, Yusta akaosha tope mwenyewe. Doa lilikuwa limekua kama kizibo cha soda, na upande mmoja lilitoa mkia uliokwenda katikati ya unyayo. Pamoja na ukubwa huo lilikuwa bapa, isipokuwa pale kando palipoinuka kidogo na kuchubuka. Hapo ndipo palipomfanya achechemee.

Akapaka jeli. Akaweka lenzi. Alipiga picha ya katikati, ya kingo, ya mkia. Hakuhitaji kukuza picha. Rangi ilikuwa juu ya matuta, mistari minene iliyokwenda sambamba, na katikati yake imevurugika na kugeuka kijivu.

Mtandao haukuwapo bondeni. Amon akachukua simu akapanda nayo pikipiki kwenda kule shuleni ambako hushika, ili picha zimfikie Dokta Scholastica. Emanueli akaenda naye. Wakabaki wanawake watatu na mpunga.

Yusta alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, tangu Mikumi. Sasa hayakuja kwa mpangilio. "Mama, mwaka jana ulinionyesha hili doa. Nilikwambia ni damu."

"Ulisema."

"Sikuliangalia. Nililitazama tu. Nilikosea."

Mwamvua aliendelea kufunga mganda mpaka akaukaza fundo. "Nakukumbuka vizuri. Hukuweka hata kalamu chini." Akauweka mganda kando. "Huyu mwanangu aliniambia nirudi. Mara mbili. Nikamwambia, mimi nina akili za kumzidi daktari? Daktari kasema damu. Nikamgombeza mtoto wa watu kwa ajili ya maneno yako."

Siwema aliangalia chini. Ndege wa mpunga walishuka upande wa pili wa shamba, Siwema akaokota bonge la udongo akawarushia, akarudi akaketi.

"Ni kansa?" Mwamvua akauliza.

"Nahofia hivyo. Sijui kwa hakika. Inabidi wachukue kinyama kidogo wapime."

"Hapana." Alilisema bila kupaza sauti. "Kaka yangu alikuwa na uvimbe begani miaka sita, akalima nao, akaoa nao. Wakaukata. Miezi mitatu tukamzika. Vitu hivi ukivigusa kwa kisu vinaamka."

Yusta alijua jibu la darasani, kwamba pengine uvimbe wa kaka ulikuwa umeshaenea ndani kabla ya kisu. Alilisema, kwa maneno machache. Mwamvua akatikisa kichwa. Alikuwa ameshaamini neno moja la daktari huyu na lilikuwa la uongo.

Amon alirudi baada ya kama saa nzima, na jibu likiwa kwenye simu. Yusta akalisoma kwa sauti, maana aliona si haki kulisoma peke yake: "Rangi iko juu ya matuta. Umeona sawasawa. Aje wiki hii."

"Matuta gani?" Mwamvua akauliza.

Yusta akamsogezea simu, akamwonyesha kwa ncha ya kijiti cha mpunga. Hapa ngozi imeinuka, hapa imeshuka. Hapa rangi imepita juu. Mwamvua aliisogeza simu mbali, akaivuta karibu, kama wafanyavyo watu ambao macho yameanza kuchoka. Halafu akapandisha mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko.

"Na hiki? Nimezaliwa nacho."

Kilikuwa kidoa cha kahawia kilichoinuka, chenye vinywele viwili. Yusta akakipaka jeli, akakiangalia bila haraka. "Hiki ni cha kawaida. Usikikate, usikiguse."

"Kibaya kwa sura kuliko cha mguuni."

"Ni kweli. Lakini ni kizuri."

"Siwema. Leta mguu wako."

Siwema alisita, halafu akavua kiatu cha plastiki. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia alikuwa na alama nyeusi, ndogo, ambayo Yusta asingeijua. Mama ndiye aliyeijua. Alikuwa ameificha moyoni tangu doa la kisigino chake lilipoanza kukua; hakumwambia mtu, wala binti mwenyewe. Sasa alimshika binti yake mkono Yusta alipokuwa akipaka jeli, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulionyesha hofu.

Yusta alikaa na alama ile muda mrefu kuliko alivyokaa na kisigino. Akapiga picha nne. Akazikuza, akafuatisha kila mstari mpaka unapoishia. Rangi ilikuwa imelala mitaroni yote, mistari myembamba, safi, na juu ya matuta hapakuwa na kitu.

"Ni nzuri," akasema. "Mama, tazama." Akaweka picha ya binti, kisha akatelezesha kidole ikaja ya mama. "Yake iko chini kwenye mitaro. Yako iko juu."

Mwamvua alizirudisha picha mwenyewe kwa kidole chake chenye tope, ya binti, ya mama, ya binti. Aliyelima viazi vitamu miaka arobaini hahitaji kuelezwa tuta ni lipi. Akamrudishia Yusta simu.

"Ungesema vyote vitatu ni vibaya, nisingekwenda," akasema. "Lini?"

Walikwenda Jumatatu, Morogoro kwanza, kisha Dar es Salaam kwenye hospitali kubwa, Siwema akiwa pamoja naye. Mpunga uliobaki ulivunwa na majirani. Maabara ilisema melanoma, unene wake milimita moja na nusu. Wapasuaji waliondoa doa pamoja na ngozi iliyolizunguka na sehemu ya mnofu wa kisigino, wakapandikiza ngozi kutoka pajani. Tezi moja ya kinena ikatolewa, ikapimwa, ikaonekana safi. Alikaa huko wiki saba. Yusta alipiga simu kila Jumatano, na aliyezungumza naye kila mara alikuwa Siwema.

Milimita moja na nusu. Yusta aliibeba namba hiyo. Siku moja alimpigia Dokta Scholastica akamuuliza bila kuzunguka: siku ile alipomwonyesha mara ya kwanza, ingekuwa kiasi gani? Scholastica akasema, "Pungufu. Ni kiasi gani, hakuna mtu atakayekwambia, na mimi siwezi kukubunia. Una mgonjwa aliye hai. Mwangalie huyo."

Kwenye kikao cha matabibu wa wilaya pale Kilosa, Yusta aliombwa aeleze alichojifunza Moshi. Lupakisyo alimshauri atumie picha za kwenye vitabu. Yusta akaweka ukutani kisigino cha Mwamvua, ambaye alikuwa ameridhia kwa sharti kwamba uso wake usionekane. "Huyu ni mgonjwa wangu," akasema. "Alinionyesha hili likiwa kama punje ya mahindi. Nilimwambia ni damu, na sikuandika." Kisha tabibu mmoja wa zahanati ya Mvumi, mtu mzima, akasema taratibu, "Na mimi ninaye mmoja hivyo. Nilimpa dawa ya fangasi." Mgonjwa huyo wa Mvumi walipomfikia, ugonjwa ulikuwa umeshapanda mpaka kwenye tezi za kinena, na alifariki kabla mwaka haujaisha. Yusta alikwenda mazishini. Hakuhutubia mtu.

Tangu hapo kliniki ya ngozi iko kila Alhamisi. Watu wameibatiza lenzi "tochi", na hutoka mbali kuifuata, Munisagara kwa reli, wengine kwa baiskeli. Wengi huja na kile kinachowatisha kwa sura: kidoa kikubwa cha shavuni chenye nywele, kipele cheusi cha shingoni ambacho shangazi alisema kikatwe. Karibu wote huondoka navyo vilevile, wakiwa wamepumua. Katika miaka miwili Yusta ameangalia watu zaidi ya mia tatu na kuwapa rufaa watano. Wawili kati yao maabara ilisema si saratani, wakarudi na makovu madogo, na mmoja alinuna. Yusta alimwomba radhi, lakini alimwambia wazi kwamba angeona tena picha ile angemtuma tena.

Mwamvua anatembea kwa fimbo. Mpunga amemwachia Siwema; yeye anashughulika na mahindi ya juu na kuku. Kila miezi mitatu anakuja kuangaliwa kovu na kupapaswa kinena, na mpaka sasa hakujaonekana kitu. Yeye na Yusta si marafiki. Hajawahi kumwita mwanangu, kama anavyomwita Lightness wa mapokezi. Humwita daktari, huketi, hunyoosha mguu, na kama Yusta anaandika hungoja mpaka amalize. Mara moja tu, akiwa anavaa kiatu, aliuliza, "Ungenyamaza, nani angejua?" Yusta akasema hakuna. Mwamvua akaitikia kwa kichwa, akafunga kamba ya kiatu, wakaagana.

Mwaka huu ameletwa tabibu mpya, Joyce, binti wa miaka ishirini na sita aliyetoka chuoni. Alhamisi hukaa meza moja na Yusta na kujifunza lenzi. Shida ya Joyce ni kwamba kila kitu kwake ni kibaya. Wiki ya kwanza alitaka kuwapa rufaa watu tisa. Yusta hakumcheka. Anamkalisha tu, wanazitazama picha moja moja.

Alhamisi moja alikuja mzee Zabron, fundi wa reli mstaafu, na doa chini ya wayo, jeusi kweli kweli. Joyce akapiga picha, akakunja uso. "Dada Yusta, hili limepanda."

Yusta akaangalia. Kwake lilikuwa mitaroni, ila upande mmoja mstari ulikuwa mpana na hakuupenda. "Mimi naona mitaroni. Lakini hapa sina hakika."

"Tufanyeje?"

"Tuulize."

Wakazituma picha. Mzee Zabron akasubiri kwenye benchi, mguu mmoja ndani ya soksi na mwingine nje, akizungumza na Lightness habari za mabehewa ya zamani. Wagonjwa wengine wakaingia na kutoka. Ilipofika saa nane mchana jibu la Moshi likaja: mitaroni, pale mstari ulipopanuka ni ngozi iliyosuguliwa na kiatu, wamwangalie tena baada ya miezi mitatu. Joyce akaandika kwenye daftari: upande, ukubwa, tarehe ya kurudi. Yusta akamweleza mzee maneno yaleyale, polepole, akamwonyesha na picha.

"Kwa hiyo sikatwi?"

"Hukatwi, baba. Ila badilisha viatu."

Mzee akavaa soksi, akauliza kama bado ataliwahi gari la Kilosa, akaambiwa akienda sasa hivi ataliwahi.